Kompyuta ya prosesa mbili: uiwekee Windows Home, Pro, Server au Linux?

HP Z620, HP Z820, Dell Precision T7600. Mashine za aina hii zilitengenezewa wahandisi na wahariri wa filamu, zikatumika Ulaya miaka kadhaa, na sasa zinauzwa mtumba Mombasa kwa bei isiyofikia ya laptopu mpya ya maana. Zinapakiwa basi hadi Mokowe, zinavushwa kwa boti mpaka Amu, yaani mji wa Lamu, kisha hamali au punda anazifikisha mitaa ya Langoni au Mkomani. Mnunuzi huuliza RAM ni kiasi gani, diski ina ukubwa gani, kadi ya picha ni ipi. Leseni ya mfumo endeshi iliyomo ni ya toleo gani, hilo haliulizwi mpaka pesa zishatoka. Na kwa mashine yenye prosesa mbili, hilo ndilo linaloamua kama utaitumia yote au nusu yake.

Msimamo wangu nautoa mapema. Ikiwa mashine ina prosesa mbili kwelikweli, Windows Home haikufai hata ukipewa bure. Chukua Pro kama programu za kazi yako hazipatikani penginepo. Kama zinapatikana, weka Linux, mfumo endeshi usiolipiwa. Na ikiwa bado hujanunua mashine, ipo njia nyingine ambayo kwa wengi wetu hapa Lamu ni bora kuliko zote mbili. Nitaifikia.

Kinachohesabiwa ni soketi

Watu huchanganya mambo matatu. Soketi ni pale prosesa inapokalia kwenye bodi kuu. Ukifungua kifuniko ukakuta vipoza joto viwili vikubwa, kila kimoja na feni yake, hiyo ni mashine ya soketi mbili. Ndani ya prosesa moja mna viini kadhaa, na mara nyingi kila kiini huweza kuendesha nyuzi mbili za kazi kwa wakati mmoja. Chukua prosesa ya Intel iitwayo Xeon E5-2670, ya mwaka 2012, ambayo imo katika mashine nyingi za aina hii: ina viini 8 na nyuzi 16. Zikikaa mbili katika mashine moja, una viini 16 na nyuzi 32.

Microsoft huanza kwa kuhesabu soketi. Mwezi wa Oktoba 2004, prosesa za viini viwili za Intel na AMD zikiwa bado hazijaingia sokoni, kampuni hiyo ilitangaza kwamba kwa programu zake zinazolipiwa kwa prosesa, prosesa moja itahesabiwa moja hata iwe na viini vingapi. Msingi huohuo ndio unaotumika kwenye Windows za mezani. Ndiyo maana kompyuta ya viini 16 inaweza kufanya kazi yake yote chini ya Home, na nyingine ya viini 16 vilevile ikapoteza 8. Ya kwanza ina viini vyote katika soketi moja, ya pili imevigawa katika mbili.

Mipaka yenyewe, kwa matoleo ya biti 64, ni hii:

| Mfumo | Soketi | Viini | RAM |
|---|---|---|---|
| Windows 10 na 11 Home | 1 | 64 | GB 128 |
| Windows 10 na 11 Pro | 2 | 128 | TB 2 |
| Windows Pro for Workstations | 4 | 256 | TB 6 |
| Windows Server Standard, 2016 na kuendelea | 64 | hulipiwa kwa kiini | TB 24 au zaidi |
| Linux (Ubuntu, Debian) | hakuna mpaka wa toleo | hakuna mpaka wa toleo | hakuna mpaka wa toleo |

Mpaka wa soketi ni mkongwe. Windows 98 haikujua kabisa kutumia prosesa zaidi ya moja. Windows NT 4.0 Workstation ya 1996 ilikubali mbili, Windows 2000 Professional mbili, XP Home moja na XP Professional mbili. Vista na Windows 7 ziliendelea hivyohivyo: matoleo ya Home soketi moja, Business (Vista), Professional (Windows 7) na Ultimate mbili. Na Windows 7 Home Premium ilikuwa na jambo jingine la kuumiza, maana ilitumia RAM isiyozidi GB 16. Bado nakuta mashine zenye Windows 7 ya namna hiyo na GB 64 za RAM zimechomekwa ndani, na mwenyewe hajui kwamba GB 48 zimelala tu.

Home: nusu ya mashine imefungwa

Hapa Lamu kazi inayohitaji nguvu kuliko nyingine ni video, na hasa video za harusi. Kuna nikaha, kuna ngoma, kuna kupamba, kuna bibi harusi kutolewa nje. Siku ya kupamba ukumbi ni wa wanawake watupu, na mpiga picha ni mwanamke. Picha zile hazitumwi kwa mhariri wa Nairobi wala hazipandishwi mtandaoni kwenye kompyuta za watu wasiojulikana. Lazima zihaririwe na kukamilishwa hapahapa, na mtu wa kuaminika, kwenye mashine yake mwenyewe. Kwa hiyo mwenye studio akinunua mashine ya prosesa mbili, hajajitafutia sifa. Anataka kumaliza harusi ya Alhamisi kabla ya nyingine kuanza.

Dada mmoja wa studio ya aina hiyo alileta Z620 yake.

"Fundi, hii niliambiwa ina prosesa mbili. Mbona harusi moja inalala usiku kucha na asubuhi bado haijesha?"

"Tuifungue kwanza tuione, dada."

Tukaifungua. Katika Z620 prosesa ya pili haikai kwenye bodi kuu. Ina kibodi chake cha kusimama, chenye nafasi zake nne za RAM, na chote kinachomoka kwa kuvuta. Kilikuwepo, na prosesa ilikuwepo, imekaa sawasawa. Tukaifunga na kuiwasha, tukabonyeza Ctrl, Shift na Esc ili kupata Task Manager, tukaingia upande wa utendaji na kuchagua CPU. Chini ya mchoro, skrini ikaonyesha "Sockets: 1", viini 8, prosesa za kimantiki (yaani nyuzi) 16. Nikamwomba aandike `winver`, amri inayoonyesha toleo la Windows. Ilikuwa Windows 10 Home.

Hakuna kilichoharibika. Toleo la Home na la Pro hutumia msingi uleule wa mfumo (kerneli). Kinachotofautiana ni leseni inayosomwa mashine inapowaka. Ikisema Home, mfumo huamsha prosesa ya kwanza na kuiacha ya pili. Ni sawa na kukodi nyumba ya ghorofa ukakabidhiwa ufunguo wa chini tu. Prosesa ya pili imewekwa, ina umeme, feni yake inazunguka, lakini hakuna kazi hata moja inayopelekwa kwake.

Wapo watakaokuambia uingie `msconfig`, sehemu ya kuwasha, uweke alama kwenye idadi ya prosesa kisha uchague namba kubwa. Usipoteze muda. Kisanduku kile kipo kwa ajili ya kupunguza prosesa wakati wa kupima matatizo. Hakiwezi kuvuka leseni, na mashine isiyo na alama pale hutumia kila kinachoruhusiwa tangu mwanzo.

Wengine hushauri kuing'oa prosesa ya pili, kwa kuwa haitumiki. Fikiri kwanza. Katika mashine hizi kila prosesa husimamia RAM iliyo upande wake, na katika baadhi yake nafasi kadhaa za kadi huungwa nayo moja kwa moja. Ukiitoa, nafasi hizo za RAM hufa pamoja nayo.

Haya yote hayaifanyi Home kuwa mfumo mbaya. Kwa soketi moja inatosha kabisa. Mwaka 2020 kampuni ya AMD ilitoa Threadripper 3990X, prosesa moja ya viini 64, na hesabu hiyo bado imo ndani ya mpaka wa Home. Ni hizi za soketi mbili tu ambazo haziendani nayo.

Pro: dawa ya haraka

Ile mashine ya dada tuliiponya bila kufuta hata faili moja. Unaingia mipangilio, sehemu ya uamilishaji, unabadilisha ufunguo wa leseni na kuweka wa Pro, mashine inajiwasha upya. Picha, programu na mafaili yote hubaki yalipokuwa. Ilipowaka tena, Task Manager ileile ikaonyesha soketi 2, viini 16, prosesa za kimantiki 32, na vile vijisanduku vya mchoro vikawa maradufu.

Gharama ya kutoka Home kwenda Pro katika duka la Microsoft la Marekani ni dola 99. Kwa studio ndogo hizo si pesa za kutupa, na najua wengi watakimbilia ufunguo wa shilingi mia chache wa kwenye mitandao, au ile programu ya kuvunja leseni inayopitishwa kwenye flashi. Hiyo ya pili naikataa kwa nguvu zangu zote. Ili ifanye kazi inakutaka kwanza uzime kinga ya virusi, halafu uipe ruhusa ya msimamizi. Mashine yenye picha za wake na mabinti za watu haifanyiwi hivyo.

Na hapa Pro ina faida nyingine ambayo kwa kazi ya harusi naiona kubwa kuliko hata prosesa ya pili: BitLocker. Diski nzima inafungwa kwa siri, hata mashine ikiibiwa au diski ikipelekwa kwa fundi mwingine, hakuna anayefungua picha. Inakubali pia TPM (kijichipu cha usalama kwenye bodi) ya zamani ya 1.2, ambayo ndiyo iliyomo katika mashine hizi za 2012. Home haina BitLocker ya kusimamia mwenyewe.

Sasa upande wenye uchungu. Windows 10 ilifikia mwisho wa matunzo tarehe 14 Oktoba 2025. Mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa kawaida unapeleka masahihisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, na baada ya hapo basi. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa zilizo katika orodha yake, ambayo kwa prosesa za kawaida inaanzia kizazi cha 8. Xeon E5 zote, kuanzia za kwanza mpaka v4, hazimo. Kuna njia za kuilazimisha Windows 11 ikae, na zinafanya kazi, lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine ya namna hiyo haina hakika ya kupata masasisho. Kwa hiyo anayelipia Pro leo kwa ajili ya Z620 ajue kwamba soketi ya pili atapewa, muda mrefu hatapewa.

Jambo jingine ambalo halisemwi dukani: prosesa mbili hazina maana ikiwa programu haijui kugawa kazi. Blender, programu ya michoro ya 3D, ikichora kwa injini yake ya Cycles hutumia kila uzi inaoukuta. Usimbaji wa video hufaidika vizuri. Photoshop kwa sehemu kubwa ya kazi zake hutegemea viini vichache vyenye kasi, na hapo E5 ya GHz 2.6 hushindwa na kompyuta ndogo ya miaka ya karibuni yenye prosesa moja. Mpiga picha wa pasipoti hana haja kabisa na mashine ya soketi mbili, wala na Pro kwa sababu hiyo.

Na wale wenye mashine za viini vingi zaidi, kwa mfano E5-2699 v4 mbili zenye jumla ya nyuzi 88, kuna kizuizi ambacho leseni haikiondoi. Windows hupanga prosesa za kimantiki katika makundi yasiyozidi 64. Katika Windows 10, programu ambayo haikuandikwa kwa kulijua hilo hubaki ndani ya kundi moja, yaani nyuzi 44 tu. Windows 11 imelegeza utaratibu huo, lakini ndiyo hiyo isiyozitambua prosesa hizi rasmi.

Pro for Workstations na Enterprise

Nitazipitia upesi. Pro for Workstations ilikuja mwaka 2017, inakubali soketi nne na RAM hadi TB 6, na ina mfumo wa mafaili wa ReFS. Kwa mashine ya soketi mbili haikuongezei prosesa yoyote juu ya Pro. Enterprise huuzwa kwa mikataba ya taasisi. Ukikuta mashine ya mtumba imewekewa mojawapo ya hizi, jiulize leseni imetoka wapi.

Windows Server: soketi tele, hesabu nyingine

Kuna kijana aliniuliza kwa adabu tu, "Maalim, si tuweke Windows Server, ina soketi 64?" Swali zuri. Zamani Server nazo zilikatwa kwa soketi: katika 2008 R2, Foundation ilikubali moja, Standard nne, Enterprise nane, Datacenter 64. Kuanzia 2012 Standard na Datacenter zikalingana kwa nguvu, na kuanzia 2016 malipo yakahamia kwenye viini. Utalipia angalau viini 8 kwa kila prosesa, na angalau 16 kwa kila mashine. E5-2670 mbili zinaangukia hapohapo kwenye 16, lakini bei ya orodha ya Server 2022 Standard ya viini 16 ni zaidi ya dola 1,000, na juu yake kuna leseni za kila mtumiaji au kila kifaa kinachoiunganikia.

Kwa hoteli ya Shela inayohitaji kuweka mafaili ya ofisi na akaunti za wafanyakazi mahali pamoja, na mhasibu ameshazoea programu ya Windows, inaweza kustahili. Kwa studio ya video haistahili. Kuna madereva ya vifaa na programu za mezani zinazokataa kukaa kwenye Server au kukudai leseni ghali zaidi. Toleo la majaribio la siku 180 lipo, na watu hulitumia kama njia ya mkato. Siku zikiisha mashine huanza kujizima, na wewe umeshajenga kila kitu juu yake.

Linux: hakuna wa kukuhesabia

Linux ilianza kutumia prosesa nyingi kwa pamoja tangu toleo la 2.0, mwaka 1996. Ubuntu ya mezani na Ubuntu ya seva, Debian ya nyumbani na Debian ya chuo kikuu, zote huamsha kila prosesa zinayoikuta. Kerneli ya Linux kwa prosesa za Intel na AMD za biti 64 inaweza kutengenezwa kushughulikia hadi prosesa za kimantiki 8,192, idadi ambayo hakuna mashine itakayovushwa kutoka Mokowe itakayoikaribia. Hakuna ufunguo wala toleo la kupandishwa. Fungua terminali uandike `lscpu`, utaona mstari wa soketi ukisema 2, viini kwa kila soketi 8, nyuzi kwa kila kiini 2. Utaona pia NUMA mbili, maana yake mfumo unajua RAM ipi iko karibu na prosesa ipi na unajitahidi kupeleka kazi palipo karibu.

Kuna Linux za kulipia zinazohesabu soketi, nalo lisemwe kwa haki. Red Hat huuza huduma yake kwa jozi za soketi. Lakini hapo unalipia matunzo na msaada. Hakuna prosesa inayozimwa.

Kwa upande wa umri, Linux ndiyo inayozipa mashine hizi maisha. Ubuntu 24.04 ina matunzo ya kawaida hadi 2029, na haikuulizi kizazi cha prosesa wala TPM. Wakati wa kuisakinisha unaweza kuchagua kufunga diski nzima kwa siri, kwa hiyo lile la BitLocker hulikosi.

Kinachozuia ni programu. Adobe Premiere, ya kuhariri video, haipo kwenye Linux, na hakuna ujanja wa kutegemea kwa kazi ya wateja. AutoCAD, ya michoro ya majengo, haipo. Mchoraji anayepima nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Lamu kwa AutoCAD abaki na Windows Pro, asihangaike. DaVinci Resolve, nayo ya kuhariri video, ipo, lakini msikilize fundi wenu hapa: toleo la bure la Resolve kwenye Linux halifungui video zilizobanwa kwa H.264 wala H.265, ambazo ndizo kamera na simu karibu zote hutoa. Sauti ya AAC nayo haisomeki. Itabidi kila faili la harusi ligeuzwe kwanza kwa programu ya ffmpeg, na diski ijazwe na mafaili makubwa mara kadhaa ya yale ya asili. Anayehama aanze na Kdenlive, programu nyingine ya kuhariri video, ambayo hufungua mafaili hayo bila shida, aifanyie kazi ndogo ya familia kwanza, ndipo aamue.

Kwa kazi za kuhifadhi maandishi, Linux naipendekeza bila kusita. Lamu ina hazina ya miswada, na ile ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha za kidijitali chini ya mradi wa British Library wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Familia zenye vitabu vya babu majumbani zinaweza kufanya kazi ya namna hiyo kwa kiasi chao. Kugeuza maelfu ya picha nzito kuwa ndogo, kunyoosha kurasa, kuhesabu alama za uhakiki wa mafaili, ni kazi inayogawanyika vizuri mno. Kila uzi unachukua picha yake. Hapo nyuzi 32 utaziona zikifanya kazi zote kwa pamoja.

Mtego wa mashine pepe

Wengine huchanganya: Linux chini, kisha Windows ndani yake kama mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya nyingine. Ni mpango mzuri, maana mashine inatunzwa na Linux na programu ya hesabu inapata Windows yake. Lakini mpaka wa soketi unakufuata humo ndani. Katika Proxmox, mfumo wa kuendeshea mashine pepe, kuna visanduku viwili, kimoja cha soketi na kimoja cha viini. Ukiandika soketi 4 na kiini 1, Windows Pro itatumia viwili na Home itatumia kimoja tu, ingawa wewe umeshatoa vinne. Andika soketi 1, viini 4. Kazi ni ileile, umeme ni uleule, na hata Home inavitumia vyote. Kwenye virt-manager, programu nyingine ya kazi hiyo, utafanya hivyo kwa kupanga muundo wa CPU kwa mkono. Nimekuta ofisi zikilalamikia ubovu wa diski kumbe ni kisanduku hicho.

Uelewe kwamba leseni ya Windows bado inahitajika kwa mashine pepe. Huo ni mlango wa kupangia viini tu.

Kama bado hujanunua

Hii ndiyo njia niliyoahidi. Ryzen 9 5950X, prosesa ya AMD iliyotoka mwishoni mwa 2020, ina viini 16 na nyuzi 32 katika soketi moja, na kiwango chake cha joto ni wati 105. Xeon E5-2670 mbili zina viini na nyuzi hizohizo, wati 115 kila moja, yaani 230, na kila kiini chake ni cha polepole kuliko cha Ryzen. Ryzen hiyo inatumika yote chini ya Home ya kawaida, inakubaliwa rasmi na Windows 11 ikiwa bodi yake imewashwa TPM, na haikudai hata senti ya Pro. Bei ya kununua iko juu, sikatai. Lakini hapa kwetu mashine hailipiwi mara moja. Ugavi wa umeme wa Z620 ni wa wati 800. UPS (betri ya akiba) ndogo ya VA 650 hubeba kama wati 360 hadi 390, na mashine ya Xeon mbili yenye kadi ya picha, ikiwa katikati ya kukamilisha video, inaweza kuizidi. Umeme ukikatika UPS nayo inaanguka, na harusi inaanza upya. Joto zaidi ni feni kuzunguka zaidi, na feni kuzunguka zaidi ni hewa ya chumvi kupita zaidi juu ya bodi. Nyumba iliyo mbele ya bahari, kutu ya miguu ya RAM na ya viunganishi naiona kila mara ninapofungua.

Kwa hiyo studio inayoanza, na inayoweza kungoja miezi michache ikusanye, inunue soketi moja ya kizazi cha karibuni. Shule au madrasa iliyopewa msaada wa Z820 iiwekee Debian na kuifanya seva ya darasa zima. Studio yenye Z620 tayari na Premiere mkononi ilipie Pro, itumie hadi Oktoba 2026, na iweke akiba ya mashine mpya kuanzia sasa.

Na kama moyo umeshapenda ya mtumba, tazama majina. HP Z420 na Z440 ni za soketi moja, Z620, Z640, Z820 na Z840 ni za mbili, na kwa nje Z420 na Z620 zinafanana sana. Z620 nyingi huuzwa zikiwa na prosesa moja, kile kibodi cha pili hakimo. Soma pia jina la prosesa: katika Xeon E5 tarakimu ya kwanza baada ya kistari huonyesha soketi nyingi kabisa inazoweza kushirikiana. E5-1650 hukaa peke yake, E5-2670 hukaa mbili, E5-4650 hukaa nne. Mwambie muuzaji awashe mashine, afungue Task Manager au aandike `lscpu`, akutumie picha ya skrini pamoja na ya `winver` kama ni Windows. Skrini ikionyesha soketi 1, mwombe pia picha ya ndani, kifuniko kikiwa wazi. Asipokubali kuifungua, mpe bei ya mashine ya prosesa moja.